Majina Sita Juu ya Mlango

Alhamisi, 9 Aprili 2015

Ubao umekwisha! Siku tatu nimeinama, kiuno kinawaka, lakini mwenye macho na aone. Majina sita ya samaki mmoja, na mkono ulioandika haukumaliza darasa la tatu. Nimeufunga juu ya mlango wa mkahawa, boliti nne, ncha nimezigonga bapa kwa nyundo kama tufanyavyo melini. Spana haifui dafu hapo. Nimemwambia Libérate hata kimbunga hakiung'oi.

Juu kabisa DORADO, Kihispania, yaani wa dhahabu. Miaka kumi na moja nimewapikia Wahispania kwenye meli ya uvuvi, jina hilo limenilisha. Kisha DOURADO la Wareno, dhahabu hiyo hiyo. LAMPUKA la Wamalta. MAHI-MAHI la watu wa visiwa vya mbali huko — wao waliona nguvu zake, si rangi. Halafu DORADE, herufi ndogo, kwa ajili ya Libérate. Tumebishana! Mkahawa ni wake, mama huyu Mrundi, alifanya kazi hotelini Bujumbura, basi anasema dorade ya Kifaransa ni samaki mwingine kabisa, mdogo, mwekundu-mwekundu. Nikamuuliza nani kati yetu amelala baharini. Kacheka, kaniachia.

Chini kabisa FULUSI, la kwetu Unguja. Herufi kubwa kuliko zote. Wazee wetu hata pesa waliita fulusi. Mhispania kaona dhahabu, sisi tumeona pesa. Nani mwenye akili?

Ijumaa, 10 Aprili

MaNgcobo, yule mama muuza nyanya na kabichi pale kando ya mlango wetu, kaja kuukagua. Ananiita mkhulu, babu. Kauliza jina la Kizulu, la wenyeji hapa, liko wapi. Nikamwambia nipe. Kafikiri, kasema inhlanzi. Nikasema hapana, hiyo ni samaki tu, samaki yeyote, hata dagaa. Siandiki ovyo mimi.

Kasema mwenye njaa haulizi zaidi ya hapo.

Nimemshinda, lakini.

Jumapili, 12 Aprili

Libérate kaingia asubuhi na mabegi mawili kutoka Cato Manor, mtaa anakokaa. Kwa jirani yake mlango umevunjwa kwa mateke. Vijana wanafukuza wageni, nyumba kwa nyumba. Atalala jikoni. Mimi stoo kama siku zote. Kaka yake, Pontien, yuko Pinetown, anatafuta gari aje kutuchukua.

Kutuchukua nani? Nimo mji huu miaka kumi na tisa. Siendi.

Hata hajakaa, kasema, "Papa Machano, ule ubao utoe. Kila mwenye kupita anasoma humu iko wageni. Tena wa nchi sita."

Nikasema jina la samaki halijaua mtu. Kabeba mabegi yake jikoni. Bora angebisha.

Jumatatu, 13 Aprili

Mlango wa bati tumeushusha, kufuli mbili kwa ndani. Umeme umekatika tangu saa mbili. Kwenye friza kuna fulusi mmoja, mrefu kama mguu wangu, anatoa maji, anaanza kunuka. Nikamsimulia Libérate niliwahi kukaa siku arobaini melini bila kushuka, hii si kitu. Kasema melini ulikuwa unaliona jua. Eish. Kweli.

Kamtazama yule samaki, kauliza dhahabu iko wapi, mbona huyu majivu. Nikamwambia hujamwona hai. Akitoka majini anawaka, manjano, kijani, buluu — umlaze tu kwenye sitaha, dakika chache, kwisha. Waliompa jina walimwona hai. Wa nchi kavu wote wanajua majivu.

Kashika rozari, anahesabu. Halafu kasema hata yeye, hapa hakuna aliyemwona akiwa kwao.

Saa nane wamesimama nje. Wanaume, sijui wangapi. Wakausoma ubao kwa sauti, polepole, lam — pu — ka, wanacheka. Siku zote nilitaka mtu ausome. Nimesomewa.

Walipoondoka MaNgcobo kainama kwenye upenyo wa mlango. Kasema wameahidi kurudi kesho. Kasema mkhulu, uondoe. Nikamjibu nitafikiri. Libérate kanigeukia, kasema basi fikiri upesi, maana watoto wangu wawili wako kwa Pontien na sitaki wazikute habari zangu redioni.

Nimekaa stoo. Nahesabu boliti zangu. Nne.

Jumanne, 14 Aprili

Nimekubali. Naandika ili nisije nikakana: nimekubali ubao utoke.

Pontien kapiga simu. Kaja mpaka karibu na Westville, polisi wamefunga barabara. Tusitoke.

Nimechukua spana na nyundo. Nimepandisha bati kufika magoti, nikatoa kichwa. MaNgcobo kanirudisha kwa mguu wake! Kasema wako kwenye robot, zile taa za barabarani, wanashuka na mtaa huu, anayeweza kutembea huku nje ni mimi tu, Mzulu. Nikamwambia boliti hata hivyo hazifunguki. Nilizigonga mwenyewe.

Kauliza rangi iko?

Iko. Nyeupe, ile niliyopakia ubao, nusu kopo. Nimeisukuma chini ya bati pamoja na brashi. Kapanda juu ya kreti yake ya nyanya, nasikia inavyolia. Tumefunga tena.

Anapaka. Kila jina likizama ananong'ona namba, tujue. Moja. Mbili. Dorado kwisha, Mreno kwisha. Siku tatu za mgongo wangu. Tatu. Nne. Libérate kasogea karibu yangu, anahesabu kwa vidole. Tano, ile ndogo, dorade yake. Kasema kwa sauti ya chini, "Haikuwa samaki yule, papa." Nikamwambia najua. Nilijua tangu mwanzo.

Bado fulusi. Herufi zangu kubwa. Itamchukua muda.

Nyayo. Nyingi. Zimesimama hapa hapa, vivuli vinapita chini ya bati. Brashi imenyamaza, sita hajaisema. Mwanaume kamuuliza kitu kwa Kizulu. Miaka kumi na tisa, hilo nalielewa: ndani kuna nini.

MaNgcobo hakukawia.

"Inhlanzi," kasema. "Inhlanzi nje."

Samaki. Samaki tu; nje ya Kizulu ni tu.

Mwingine anavuta pumzi karibu na upenyo, ananusa. Fulusi wangu ananuka, Mungu ambariki, anuke zaidi. Brashi bado haijaanza tena. Libérate kafumba macho. Natazama kufuli, naandika polepole kalamu isisiki—