Nyama Iko Mingi

Jumatatu, 9 Februari 2009
Nimerudi Juba, nyumbani mtaa wa Hai Malakal. Vumbi, jenereta. Nimesikiliza kanda zote nilizorekodi Milima ya Imatong kwa ripoti ya redio. Siku tano juu kule. Ukungu hadi saa nne asubuhi. Mipodo mirefu, kisha mianzi, kisha majani mafupi karibu na kilele cha Kinyeti. Mbega kila bonde. Kwenye matope ya chumvi chini ya maporomoko nilihesabu pongo kumi na wanne. Aliyenipeleka ni Ohide, mlinzi wa msitu. Kiswahili chake ni cha kambi za wakimbizi Uganda. Kwenye kanda anacheka: "Mzee, huku nyama iko mingi!" Ana maana ya wanyama. Sikumsahihisha. Maneno ya mtu huyaacha yalivyo.

Jumatano, 11 Februari
Ripoti imetoka redioni, kipindi cha Kiswahili. Imefunguliwa na sauti ya Ohide. Nimetaja njia: kutoka kijiji cha Katire, vuka daraja la magogo, fuata mto kushoto. Ripoti isiyo na mahali si ripoti. Mhariri kafurahi.

Jumatatu, 16 Februari
Chakula cha mchana mkahawani, mtaa wa Amarat. Mhudumu, Mkenya mwenzangu: "Mzee wa nyama! Leo tukupimie kilo ngapi?" Nilicheka. Mtu wa meza ya pili akauliza kama daraja lile linabeba pikapu. Nikamjibu. Linabeba, wakati wa kiangazi.

Jumanne, 24 Februari
Ohide amekuja mwenyewe, kwa lori kutoka Torit. Pikapu mbili zilifika Ijumaa, watu wenye bunduki. Walikaa kwenye matope siku mbili. Wamebaki pongo wawili. Kijijini sasa anaitwa Laham, nyama kwa Kiarabu cha Juba. Wanawake kisimani wanamwuliza: "Ya Laham, umetubakishia hata mfupa?"
Hakunifokea. Afadhali angefoka. Alisema: "Mzee, mimi nilisema nyama ya kuona. Wewe uliita watu kwa nyama ya kukula."
Kosa ni langu, si la lugha. Nilijua neno lile litasikikaje. Lilinoga, nikaliacha.

Jumatano, 25 Februari
Masahihisho nimeyaandika mara tatu. Kila mara lazima nipataje tena mahali pale. Nimechana yote.
Wenye pikapu wameahidi kurudi Jumamosi. Juu ya maporomoko kuna bonde la pili, lina pongo na mbega, na hawajalijua. Ohide anataka nitangaze kwamba wanyama wamekwisha. Nikamwambia miaka ishirini na mbili sijatangaza uongo.
"Ukweli yako imeua kumi na mbili, mzee."
Hesabu yake ni sahihi.

Alhamisi, 26 Februari
Asubuhi nimemwekea Ohide kinasa sauti mezani. Nilikuwa na maswali sita. Akasema polepole: "Nyama imeisha. Musikuje." Sikuuliza hata moja.
Imetangazwa saa saba mchana, maneno yake yalivyo.
Ameondoka na lori la saa tisa. Ramani pekee ya bonde la pili, niliyoichora safarini, niliichana daftarini nikampa. Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni.