Eda Mbili na Daraja Moja

Jumatatu, 28 Mei 2018

Nimemaliza! Miezi minne na siku kumi. Nimehesabu kwa mwezi wa angani, si kwa kalenda ya bucha iliyobandikwa jikoni, na nimerudia mara tatu maana hesabu si kipaji changu. Eda imeisha leo.

Nimeoga alfajiri. Nikafua nguo zote nyeusi nikazianika uani — gauni, kitambaa cha kichwa, na ile shali inayobanwa begani kwa pini. Nikavaa gauni la kijani. Likanibana kiunoni, lakini lilikuwa kijani.

Wifi Nomsa akatoka na kikombe chake cha chai. Akaziangalia nguo kwenye kamba, akaniangalia mimi. Akauliza nitavaa nini leo mpaka zile zikauke. Nikasema nimeshavaa. Akacheka, akidhani namtania. Kisha akaacha kucheka.

Jumanne, 29 Mei 2018

Kwao ni mwaka mzima. Mpaka tarehe 20 Januari ijayo, siku aliyokufa mume wangu Mzwandile, ndipo ukoo unakusanyika, mjane anaoshwa na nguo nyeusi zinachomwa moto. Si kabla.

Kosa ni langu, wala sitamsingizia mtu. Mzwandile akiwa hospitali, siku ambazo bado alikuwa na pumzi ya utani, aliniuliza nitamlilia kwa desturi ya kwao au ya kwetu. Nikamjibu, "Kote kuwili." Tukacheka. Nomsa alikuwa amekaa pale kwenye kiti cha plastiki, na Mzwandile, na Kiswahili chake cha ukimbizini Morogoro, akamtafsiria dada yake neno kwa neno. Mimi nilidhani eda hizo mbili zitakwenda pamoja na kwisha pamoja. Nani anauliza mambo ya tarehe mbele ya mgonjwa?

Nyeusi nimezivaa tena. Zilikuwa bado na unyevu kwapani.

Jumapili, 10 Juni 2018

Ninachoruhusiwa: kliniki, na dukani kwa Wasomali pale kona. Jua likianza kushuka niwe ndani. Kwenye teksi nikae kiti cha nyuma. Nisipeane mkono na mtu. Nisionekane penye furaha. Msikiti hatuuzungumzii.

Ninachotaka: daraja. Basi. Tangu tuje huku kwao kusini kutoka Tanzania mwaka 1992, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tulikwenda kwenye ile bustani ya mtoni. Mto wenyewe kijito tu, mifuko ya plastiki mingi kuliko maji. Lakini daraja lake ni la mbao, la zamani, lina kuta na paa la bati jekundu. Kibao cha buluu kinasema limejengwa kabla bibi yangu hajazaliwa. Mzwandile alikuwa akisema ni nyumba iliyokosa kiwanja. Katikati kuna benchi. Tukikaa pale hakuna aliyetuuliza mimi ni mgeni wa wapi.

Tumu amesema atanipeleka. Mwanangu huyu ana miaka kumi na tisa, Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Nomsa akamwambia hapana, na kwa shangazi yake hapana ni hapana.

Alhamisi, 12 Julai 2018

Bakiri ametuma sauti. Kaka yangu hapigi simu, anatuma sauti za WhatsApp, dakika nne nne, kuku wanalia nyuma. Simu amenipigia mara moja tu maishani, Baba alipofariki. Kwa hiyo sauti ikiingia nashusha pumzi kwanza.

Mama ameanguka. Hali chakula. Uji wenyewe anatema. Anamuulizia Mwanaidi wake, na anayemwita hivyo ni mimi tu. Bakiri anasema nisichelewe.

Nimemwambia Nomsa jikoni, akikata kabichi. Kisu hakikusimama. Akasema mjane aliyevaa nyeusi havuki mpaka wa nchi, akivuka anakwenda kumwaga msiba kwenye nyumba za watu. Nikasema basi nitazivua. Akasema ukizivua umemwacha mume kaburini. Nikauliza, je, mama yangu? Akachukua kabichi ya pili.

Jumamosi, 21 Julai 2018

Nimedanganya. Nimesema kliniki. Kliniki Jumamosi mchana, eish! Lakini Nomsa alikuwa amelala.

Nimekwenda darajani. Baridi kali, nyasi zote kahawia. Nilisahau kwamba Jumamosi ni siku ya maharusi, wanapanga foleni wapigwe picha pale ndani. Nilikaa kwenye benchi letu nikiwa nimefumba macho, nikasikia viatu vingi kwenye mbao. Harusi ya Wakongo, wasimamizi sita wamevaa suti za rangi ya zambarau. Mpiga picha, kijana anaitwa Gradi, akaniomba kwa Kiingereza cha heshima nisogee kidogo. Kisha akamgeukia mwenzake akasema kwa Kiswahili chao kwamba huyu mama wa nyeusi ataharibu picha yote.

Nikamwambia, "Nasogea, baba, usijali. Mguu tu ndio umekufa ganzi."

Wakageuka wote. Gradi aliniomba radhi kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, na kwa mikono. Bibi harusi, Héritière, akapita katikati yao ameshika gauni, akaniuliza kwetu wapi na ninamlilia nani. Nikamwambia. Halafu akanishika mkono. Mkono! Tangu Januari hakuna aliyenishika mkono isipokuwa Tumu.

"Mama yangu iko Lubumbashi, walimunyima viza," akasema. "Mama, simama mu nafasi yake. Moja tu."

Nilijua. Sitajifanya sikujua kwamba penye furaha nimekatazwa. Nilisimama pale, kulia kwake, nyeusi tupu pembeni ya nyeupe, na Gradi aliposema tucheke, nilicheka. Nilikuwa nawaza kwamba kuna mtu anasimama mahali pa mama wa mwenzake, na wa kwangu anatema uji.

Nilirudi nyumbani kabla jua halijashuka. Nomsa akauliza kliniki wamesemaje. Nikasema presha.

Jumanne, 24 Julai 2018

Picha imefika.

Hélène, fundi cherehani wa mtaa wa pili hapa kitongojini kwetu La Rochelle, ndiye aliyeshona gauni la Héritière. Ndiye pia aliyeshona nyeusi zangu. Kwa hiyo Nomsa ana namba yake. Na Hélène, masikini, kwa kujivunia kazi yake, ameiweka picha kwenye status. Kazi zake mbili ndani ya picha moja! Hakuna ubaya aliokusudia.

Nomsa aliniwekea simu mezani, akakaa. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akasema alikuwa na miaka ishirini na sita alipofiwa. Alivaa siku mia tatu sitini na tano. Harusi ya dada yake mdogo ilifanyika nyumba ya pili, yeye akasikiliza ngoma akiwa chumbani, mlango umefungwa. Hakuna aliyempunguzia hata siku moja.

"Na wewe unacheka," akasema.

Nilitaka kumwambia kwamba nilicheka dakika moja, na kwamba sikumcheka kaka yake. Nilimwonea huruma, na nilimchukia, vyote kwa wakati mmoja. Wajomba wameshapigiwa. Wamekata shauri: hesabu inaanza upya. Tarehe 21 Julai mpaka 21 Julai mwakani.

Mwakani! Mimi bado makoti wao, bibi harusi, miaka ishirini na sita sasa. Hata cheo hicho hakina tarehe ya kwisha.

Ijumaa, 27 Julai 2018

Bakiri na ndugu wamenikatia tiketi. Kesho saa tisa mchana. Katuma sauti fupi, na kwa Bakiri fupi ni jambo zito: Mama hafungui macho, ila akisikia jina langu anavuta shuka.

Tumu amenipangia sanduku. Nikamuuliza, na wewe utabaki na shangazi, je, ukoo ukikutenga kwa ajili yangu? Akajibu kwa Kiingereza chake kwamba ukoo haujui hata kutuma meseji ya kikundi, watamtengaje. Kisha akalia. Nikalia. Tukafunga sanduku kwa kulikalia.

Nimemwambia Nomsa wazi, sikutoroka. Naondoka, ila kwanza nitapita darajani kumuaga Mzwandile. Akasema atakuja. 

Jumamosi, 28 Julai 2018

Darajani. Saa tano na nusu. Naandika gotini.

Upande nilikoingilia amekaa Nomsa, kwenye jiwe, mkoba mapajani. Upande wa pili, penye maegesho, Tumu ananisubiri kwenye gari la kukodi na sanduku. Mpango wangu ulikuwa rahisi: niingie na nyeusi, niivue humu ndani, niiache kwenye benchi letu, nitokee kule na kitenge alichonipa Mama. Ninacho humu kwenye mfuko.

Nimekaa nusu saa. Mkono uko kwenye pini, na pini haifunguki. Si kutu. Ni mimi. Nikitaka kuifungua namsikia Mzwandile akitafsiri: kote kuwili, kote kuwili. Nikiiacha namwona Mama anavuta shuka.

Harusi nyingine imefika upande wa Tumu. Wamechungulia, wameniona, wamerudi nyuma. Hawaingii mpaka nitoke. Hawajui nitokee wapi, na mimi sijui.

Nomsa amesimama.

Anakuja. Viatu vyake kwenye mbao, taratibu. Amekaa pembeni yangu, mahali pa kaka yake. Ananuka Vicks. Haniangalii. Amefungua mkoba, ametoa mkasi mdogo wa kucha. Ameshika pindo la shali yangu.

Anakata. Mkasi hauna makali, unatafuna kitambaa kidogo kidogo. Amepata kipande cha ukubwa wa kiganja cha mtoto. Amechomoa pini begani kwangu, shali imeanguka yenyewe. Anasema makarani wa benki na wauguzi wa siku hizi wakifiwa wanavaa hivi, kipande kimoja kwenye mkono wa nguo, na bado wanahesabiwa wamevaa. Wajomba atawasemesha yeye. Anasema nitoe kitenge nivae, niende nikamwone mama, nirudi niendelee kuhesabu.

Nimetoa kitenge. 

Simu inatikisika kwenye mfuko. Nimeigeuza nione.

Bakiri. Si sauti. Anapiga.

Nomsa ameshika kile kipande na ile pini, ananiuliza anifunge mkono upi. Anauliza tena. Simu haijanyamaza.