Mangar Amerudi Nyumbani

Mingkaman,
Novemba 16, 2014.

Mpendwa mwanangu Atem,

Pokea salamu kutoka ng'ambo hii ya Nile. U mzima huko Melbourne? Unakula vizuri, au bado ni mkate asubuhi, mkate jioni? Sisi hatujambo. Goti langu linanisumbua, ila jana nilicheza mpaka nikalisahau.

Mwezi wa tatu uliniuliza kama kuna chochote cha baba yako kilichobaki tangu vita vitutoe Bor. Sikukujibu, kwa sababu niliamini hakuna. Baba yako, kaka yangu, tulimzika kando ya mto, nyumba iliungua, na maksai wake Mangar alipotelea majini tulipokuwa tukivuka.

Basi sikia. Wiki iliyopita nilimwona Mangar hapahapa, zizini kwa mwenyeji mmoja, Malek! Mistari yake ileile, pembe moja mbele, nyingine nyuma, kama baba yako alivyozipinda angali ndama. Malek akadai alimwokota mtoni na kumtunza miezi kumi, kwa hiyo ni wake. Jana tulimpeleka zizini kwa chifu, naye chifu akaamua kila mmoja amwite, tuone atamfuata nani.

Malek akaimba, akatikisa kengele. Mangar akapiga hatua mbili, akarudi kwenye majani. Zamu yangu nikaanza wimbo aliotungiwa na baba yako, lakini machozi yakanitoka. Mangar hata sikio hakutikisa.

"Mama, unamwimbia au unamlilia?" Malek akanicheka. "Nenda kakamue maziwa!"

Watu wakaangua kicheko. Nikaona aibu, nusura niondoke. Ndipo nikagundua kosa langu: nilisimama mikono chini, kama niko kanisani! Nani anamwimbia maksai hivyo? Baba yako alikuwa akimtangulia, mikono juu mfano wa pembe. Nikainua yangu, mmoja mbele, mwingine nyuma, nikampa mgongo na kuimba huku natembea. Kicheko kikakatika. Kisha nikasikia pumzi yake shingoni.

Alizunguka nami zizi zima, Atem, nyuma yangu hatua kwa hatua! Wanawake walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Malek mwenyewe akamvua kengele. "Mchukue, mama," akasema. "Miezi kumi namwimbia, kumbe alikuwa ananivumilia tu." Nilimshukuru kwa moyo wote, maana bila yeye Mangar angeliwa na mamba.

Vita havijaisha na hema letu linavuja, lakini mwaka huu haukutushinda.

Binti yangu Adau anakusalimu. Mjomba Lual naye anauliza utaoa lini.

Uliuliza kilichobaki. Kipo, kinacheua nje ya hema ninapoandika. Wimbo nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Ujifunze, na mikono uinue. Mungu akulinde mpaka siku utakayomtangulia Mangar wewe mwenyewe.

Shangazi yako akupendaye,
Agot