Ombi la Sala Kwenye Simu

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwako na kwa ukoo mzima, walio karibu na walio mbali, kwamba padri mwalimu wa Kilatini amebadilisha nywila ya kompyuta yake. Tangu niajiriwe hapa seminari alikuwa akitumia moja, mbili, tatu, nne, tena kaibandika kwenye kioo asije akaisahau. Jana amekubali kuiimarisha. Sasa ni moja, mbili, tatu, nne, tano. Tunasonga mbele.

Hujambo lakini? Magoti yanasemaje? Mimi mzima, tumbo linanitangulia mlangoni kama kawaida. Ofisi yangu ni ile ile ya chini ya ngazi, iliyokuwa stoo ya mishumaa. Nikiinuka kwa haraka nagonga kichwa, kwa hiyo nimejifunza unyenyekevu kuliko mafrateri wote wanaosomea upadri hapa. Na usinicheke kwamba fundi wa kompyuta anakuandikia kwa kalamu. Aliyekataa simu ya kugusa ni wewe.

Juzi nilitoa semina ya usalama mtandaoni, wanafunzi na wafanyakazi wote ukumbini. Nikawaigizia jinsi matapeli wanavyomnasa mtu mzima na akili zake. Mpishi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa aproni. Mwanao Babu, frateri wetu, alikaa mbele kabisa. Hajambo, anasoma, kakonda kidogo. Nadhani ni falsafa.

Wasalimie wote.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Magoti yapo, yanatabiri mvua kuliko redio. Huyo padri wa Kilatini muonee huruma. Wewe ulifika darasa la nne hujui kufunga kamba za viatu, na aliyekuwa akikufunga ni mimi.

Babu alinipigia Jumapili. Aliongea sana, si kawaida yake. Aliuliza habari za kila mtu, mpaka kuku. Mwishoni akasema, "Mama, nikirudi nyumbani bila upadri, utanipokea?" Nikamwambia asinitanie, jumuiya nzima inaniita Mama Padri na kitenge cha misa yake ya kwanza nimeshakinunua. Akacheka, akaniaga.

Tangu hapo moyo wangu hautulii. Kile kicheko hakikuwa chake. Wewe mjomba wake uko naye nyumba moja. Muite, mkalishe, muulize. Mimi kwa simu sioni uso.

Dada yako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Sijui kama u mzima. Nakusalimu hivyo hivyo.

Babu hapokei simu. Wewe hupokei. Mkuu wa seminari amenipigia kwa sauti ya chini, akasema niwe na subira, utanieleza wewe. Subira ya nini? Majirani wanakuja, wanakaa sebuleni, wananiuliza kama nimekula. Nikiwauliza wamesikia nini, wanainuka kwenda kuosha vyombo.

Niandikie ukweli. Usinichekeshe.

Dada yako

5 Aprili

Dada,

Nakuja kwako Jumamosi. Barua hii inatangulia kwa sababu nikikuona uso sitaweza kuyasema.

Babu hayupo. Ametoka seminari na hatujui alipo.

Ilianza na mwanamke, au mtu aliyejifanya mwanamke, aliyemwandikia kwenye simu akiomba amwombee mama yake mgonjwa. Frateri gani atamnyima mtu sala? Wakawa wanasali pamoja kwa simu kila jioni, rozari nzima. Baada ya rozari, maongezi. Baada ya maongezi, picha. Babu alipotuma zake, zile zisizofaa kuonekana na mtu, sauti ya upande wa pili ikabadilika: alipe, la sivyo zitasambazwa seminari nzima. Alilipa mpaka akaishiwa. Haya nimeyasoma kwenye simu yake.

Jumatatu asubuhi, tulipotoka misa, picha zilikuwa zimeingia kwenye barua pepe ya kila mtu, kuanzia mkuu mpaka mpishi. Mkuu aliniita, akasema, "Zifute zote kabla ya chai." Nikaingia ofisini, nikafuta. Sanduku la barua la huyu, sanduku la yule, moja baada ya jingine. Sijawahi kufanya kazi vizuri vile. Nilikuwa nikijiambia kwamba namwokoa mtoto wetu.

Chumba chake kiko juu ya ofisi yangu. Ningegonga dari kwa ufagio angesikia. Sikupanda. Mapadri hawakupanda, kila mmoja alidhani mwenzake kaenda. Wanafunzi waliona aibu. Nilipomaliza na kupanda, nilikuta kitanda kimetandikwa, kanzu imetundikwa, na simu iko mezani bado inaingia ujumbe wa wale watu. Mlinzi wa geti alisema frateri alimsalimia vizuri, akamuulizia watoto, akatoka.

Polisi wana habari. Hospitali tumezunguka zote. Mto nao tumeutafuta, dada, sikufichi. Hatujampata, si hai, si vinginevyo.

Barua yako ya mwezi wa tatu niliipata. Niliitia mfukoni nikasema nitamwita mitihani ikiisha.

Lakini kuna jambo ambalo sikukuandikia kwa sababu niliona halina uzito. Siku ile ya semina, watu walipotawanyika, Babu alinifuata ofisini. Alisimama mlangoni, akajifanya anatafuta waya wa chaji. Nikampa. Hakuondoka. Akasema, "Mjomba, mtu akishatuma, hakuna namna tena?"

Bado nilikuwa na kicheko cha ukumbini. Nikamwambia, "Akishatuma amekwisha. Avue kanzu atafute shamba." Akacheka na mimi, akaenda na waya wake.

Na si kweli, dada. Namna ipo. Mtu halipi hata senti, hajibu tena, anatunza ushahidi, anawashtaki, na kabla ya yote anamwambia mtu mmoja wa kukaa naye. Wako waliopita humo na leo wanaishi. Yote hayo niliyajua, ndiyo kazi ninayolipwa kuyajua. Nilimjibu utani kwa sababu utani ndio uliokuwa karibu.

Ulipokea simu ya mtoto bila kujua. Mimi nilijua la kumwambia, na alikuwa amesimama mbele yangu.

Mdogo wako