Mdundo Usiofukuza Ndege

Mama,

Shikamoo. Kabla ya yote niambie goti linaendeleaje, na maji ya mto yamefika wapi shambani. Mimi ni mzima. Baridi ya Eldoret nimeshaizoea, ila uji wao bado unanishinda. Ningekupigia simu, lakini wewe huipazia sauti utadhani niko ng'ambo ya Tana, na habari hii inataka utulivu.

Mama, niko kwenye bendi. Ya roki, ule muziki uliosema ni wa watu waliogombana na magitaa yao. Tulianza wanne, siku tuliyomngoja mhadhiri asitokee. Kiprop alikuwa na gita lake, Naliaka akaimba, Guyo akasema anajua besi kidogo, nami nikapiga meza kwa mikono mpaka darasa la jirani wakaja kulalamika. Hapo hapo nikaambiwa ngoma ni zangu.

Shida ilikuja tulipoazima ngoma za kweli. Nguvu ninazo, lakini mdundo wangu hautulii. Nikipiga mara nne hivi, ya tano imeshahama. Kiprop alivumilia wiki tatu, halafu akasema, "Rehema, tunakupenda, lakini Jumamosi tunapiga mbele ya chuo kizima. Ikifika Ijumaa bado hivi, tutatumia ngoma za kompyuta." Nilienda kulia chooni. Sikuwa nimejua naitaka bendi hii kiasi hicho.

Guyo ndiye aliyenifuata baadaye. Ni Muorma wa Chewele, na usikunje uso, Mama. Ng'ombe wa kwao hawajawahi kuingia kwenye mpunga wetu, nimemuuliza. Akasema, "Kwani wewe kupiga hivi ulifundishwa na nani?"

Nikamwambia ni wewe. Nikamweleza tunavyopanda dunguni, kile kichanja cha juu shambani, kuamia ndege wasile mpunga, debe na fimbo mkononi, na ulivyokuwa ukinifinya nikirudia pigo: "Badilisha, ndege akizoea anatua."

Guyo alicheka mpaka akakaa chini. "Mama yako alikufundisha sawasawa," akasema. "Lakini hawa watu sisi tunataka watue. Piga wazoee."

Siku mbili nilipiga pigo moja tu, mpaka viganja vikaota malengelenge. Mkono ulitaka kuhama kila mara, nikaukataza. Ijumaa Kiprop alisikiliza wimbo mzima, akafunga kompyuta yake, akaenda kununua chapati.

Jumamosi watu walikuwa wametawanyika uwanjani, wengine wanakula mahindi, wengine wametupa mgongo. Nikaanza. Pigo lile lile, lile lile. Kufika wimbo wa pili walikuwa wamejazana mbele ya jukwaa wanaruka. Mama, tangu utoto nimepiga ili viumbe viondoke. Nilipoona watu wanakuja, machozi yalinitoka huku napiga, na sikukosea.

Nisalimie Baba, na umwambie masomo nayasoma pia. Msalimie shangazi wa Garsen mwenye duka la nguo, na bibi, ambaye najua atauliza kama Guyo ana mke. Hana, na mimi sijauliza kwa ajili hiyo.

Najua msimu huu uko dunguni peke yako, na hilo linaniuma hata nikiwa nacheka. Chuo kikifungwa nitakuja na hawa watatu. Wao watakuamia ndege. Wewe utakaa chini, unisikilize.

Binti yako, mpiga ngoma,
Rehema