Betri ya Saa Yako

Baba Nelvine,

Mtoto amemeza betri ya saa, ile ndogo kama kifungo uliyotoa jana ukitia mpya, ukaiacha hapa mezani. Tunaenda hospitali Kericho apigwe picha. Naandika Ouko wa dukani akiwasha pikapu yake.

Ng'ombe hajakamuliwa. Majani ya chai niliyochuma iko kwa kikapu, peleka kituoni kabla lori ipite.

Asubuhi Nelvine alitoka mate tu, akakataa chai. Mama yako alitaka kumpa tonge la ugali ili lisukume chini, mimi nikataka kumtapisha. Sista wa dispensari alikataza yote mawili. Asile, asinywe, na tusikawie, kwa sababu ikikwama kooni inachoma mpaka inatoboa.

Nilikuuliza jana kama utaitupa. Ukasema imekufa, itafanya nini. Sista anasema hata ikishindwa kusukuma saa, mtoto bado inamchoma.

Mama yako analia jikoni. Usimgombeze.

~~Usitufuate, kaa na saa yako.~~

Saa nimeibeba, daktari aone ukubwa wa betri. Kwa hivyo hutajua ni saa ngapi. Kuja tu.

Mama Nelvine