Gereza Uliloniachia, Shaibu

Shaibu,

Ukishasoma, nyamaza. Usimwambie yeyote uliyelala jirani naye hapo, hata babu yako, maana nyie watu wa Mpapura hamjui kukaa na neno, mnawatokea ndugu zenu ndotoni na kumwaga kila kitu. Hili likimfikia Bosi, mkeo yuko nje.

Sikuandikii kwa sababu nimekukumbuka. Nimekukasirikia. Nilikwambia pikipiki ile haina breki, ukanicheka: "Fide, wewe hata ukikaa kwenye kiti unashika ukuta." Ukaenda. Tukakuzika, nami Mkristo peke yangu mstari wa nyuma, sijui mikono niiweke wapi.

Sasa sikia ulichonifanyia.

Baada ya mazishi, Mzee Lukanga alifanya jambo la kiungwana, la kwanza tangu awe bosi wetu. Alimruhusu mkeo Somoe akae eda yake yote kwenye nyumba ya kazini, pale Mtawanya. "Amalize kwa amani," alisema. "Marehemu hakuwahi kunikosea adabu."

Nikaangalia chini. Mimi nililijua gereza lako.

Ule mchezo wa zamani kwenye kompyuta yetu ya ghalani, Shaibu. Unajenga jela, unaajiri askari, unalisha wafungwa, na wakiudhika wanachoma magodoro. Jela zangu zote zilikufa changa. Nilianza na ukuta, nikaongeza ukuta juu ya ukuta, nikajaza askari kila kona, hela ikaisha kabla sijajenga jiko. Wewe ulianza na jiko, ukafuatia uwanja wa mpira. "Wape wali kwanza, Fide. Ntu akishiba anatafuta pa kulala," ulisema huku unatafuna korosho zisizo zako.

Ungeishia hapo. Lakini mchezo unaruhusu kuwabadilishia wafungwa majina, na wewe ulifunga ofisi nzima. Mhasibu ndani. Mlinzi wa geti ndani. Na kwenye chumba cha peke yake, kisicho na dirisha, "Lukanga Mnyima Likizo." Nilicheka nimejiziba mdomo, halafu nikakuomba ulifute. "Nani ataona? Bosi hajui hata inapowashiwa."

Ulipokufa nilishindwa kulifuta. Saa ya chakula, wenzetu wakienda kwa mama ntilie, nililifungua, nikawalisha wafungwa wako, nikalifunga. Hicho tu. Niliona nikiwaacha watafanya fujo, na aliyejua kuwatuliza hayupo.

Siku moja mashine ikaganda, orodha ya wafungwa imejaa kioo kizima. Nikabonyeza kila nilichokiona. Bosi akaingia kuulizia stakabadhi za korosho. Akainama. Akaanza kusoma kwa sauti, kidole kwenye kioo, kama mwalimu anaita majina darasani. Alipofika kwenye lake, alilisoma mara mbili.

"Nani kaandika huu upuuzi?"

Jibu lilikuwa jepesi, ndugu yangu. Wewe hufukuzwi kazi tena. Ningelitaja jina lako nikarudi kwenye stakabadhi zangu. Lakini akilini nilimwona Somoe katupwa barabarani, yumo edani, mkeka na masufuria pembeni yake, watu wanapita wanamtazama.

"Ni mimi, Bosi."

"Wewe?" Akacheka mpaka miwani ikashuka. "Wewe unayebisha hodi kwenye mlango ulio wazi?" Akarudi kwenye kioo. "Na huyu wa mwisho, Fidelis Mwoga?"

Sikujua! Naapa sikujua. Mshenzi wewe, na mimi ulinifunga! Uliniweka mkiani mwa orodha nisione, ukaendelea kula nami muhogo sahani moja, ukiniita ndugu. Nilitaka kupiga kelele pale pale kwamba ni Shaibu, ni Shaibu, mfukueni mumuulize. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka.

"Nilijiandika mwenyewe, Bosi," nikasema. "Ndivyo nilivyo."

Akairudisha miwani puani. Nadhani hilo ndilo aliloliamini.

"Futa. Mbele yangu."

Nikafuta. Jiko, uwanja, wafungwa wote. Nilidhani kitu chako kitachukua muda kidogo kuondoka. Hakikuchukua.

Kesho yake nikaambiwa nifungashe, nimehamishwa. Niko Kilambo sasa, kwenye stoo ndogo karibu na mto, nahesabu magunia, nakatikiwa umeme. Ile CD ya mchezo niliichomoa nikaitia kwenye soksi, mimi ambaye sijawahi kuchukua hata kalamu ya ofisi. Nimeanza jela mpya kwenye kompyuta ya huku. Jiko kwanza, nimekubali. Mfungwa wa kwanza ni wewe, na uwanja wa mpira sikujengei.

Unajua mkeo alinitumia salamu gani? Alisikia nimemtukana Bosi aliyemhifadhi, akamtuma mdogo wake: "Mwambie shemeji Fide, mume wangu angekuwa hai angemfundisha adabu." Nilisema ahsante. Nilisema ahsante, Shaibu, halafu nikaingia ndani nikakaa juu ya magunia, nikakutukana mpaka nikalia. Na kulia kwenyewe usikuhesabu.

Nitanyamaza mpaka Somoe atoke edani. Siku hiyo nitaomba ruhusa, nitabeba kitanda chake kwa mikono yangu mpaka kwa mama yake. Hilo nakuahidi. Baada ya hapo sikulindi tena. Nitaingia kwa Bosi bila kubisha hodi na kukutaja kwa jina lako na la baba yako.

Kwaheri. Pumzika, lakini usizidishe.

Ukitaka kunijibu, usipitie kwa Somoe. Njoo Kilambo, stoo ya bati mkono wa kushoto kabla ya kivuko, chumba cha nyuma. Njoo mchana. Usiguse mlango, usinishike bega. Piga ule mluzi wako ukiwa bado mbali barabarani, nijue ni wewe. Ukinishtua nitakufa hapo hapo, na nikifika huko hatusalimiani.

Fidelis